Uvimbe Kwenye Lami

Koplo Nasirumbi aliweka donge la lami juu ya meza akaligonga kwa nyundo. Lilipasuka kama sahani. Kipande kimoja kiliruka kikampata Konstebo Oloo kifuani.

"Madam, kama unataka kuniua, ngoja kwanza mwisho wa mwezi," Oloo alisema.

Ilikuwa Ijumaa ya Julai, na katika kituo cha polisi cha Karatina hapakuwa na mtu mwenye nguvu za kucheka. Ukungu ulikuwa umekalia paa za soko. Mvua ile nyembamba ya msimu wa baridi ilikuwa ikianguka bila sauti, na watu walipita barabarani mikono ikiwa kwapani.

Inspekta Muriithi alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Alitazama vipande vilivyotawanyika.

"Sasa umeonyesha nini, Koplo?"

"Afande, ulisema Simeon alimpiga nyapara Gatimu kwa donge la lami, kisha akalirudisha ndani ya pipa. Ndiyo sababu hatukupata silaha."

"Ndiyo. Lami ya baridi ni jiwe."

"Ni jiwe ambalo haliwezi kupiga. Angalia. Likigonga kitu kigumu linavunjika lenyewe. Daktari alisema kichwa cha Gatimu kilipigwa mara moja, na kitu cha mviringo, na kwenye jeraha hakuna lami hata tone."

Muriithi alikunywa chai. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye kesi nyingi.

"Basi alimpiga na kitu kingine. Mkono wake uko kwenye koti la marehemu, mweusi, vidole vyote vitano. Jumatatu asubuhi ninampeleka Nyeri ashtakiwe kwa mauaji. Ukipata kitu kabla ya hapo, niletee. Usipopata, usinichafulie meza."

Nasirumbi aliokota vipande kimoja kimoja. Hakuona pa kuviweka ila kwenye sahani ya bati ambayo Oloo alikuwa anatupia njiti za kiberiti. Akavirundika juu ya njiti zile, kingo zake zikiwa kali kama za chupa iliyovunjika, akaiweka sahani kwenye rafu iliyo juu ya jiko la makaa. Kisha akachukua funguo za selo.

Kabura, mke wa Simeon, alikuwa amesimama chini ya paa, na kikapu mkononi. Alikuwa amesimama pale tangu asubuhi. Shuka aliyojifunga mabegani ilikuwa imelowa ikawa nzito.

"Wanamnyonga Jumatatu?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza kama gari la Nyeri limepita.

"Hapana, mama. Jumatatu anashtakiwa tu. Hayo mengine, yakija, yatakuja baadaye."

"Sawa." Kabura alihamisha kikapu kwenye mkono mwingine. "Nimeuliza ndiyo nijue kama nitachimba viazi peke yangu."

Nasirumbi alipokea kikapu, akafunua kitambaa, akapekua githeri ya mahindi na maharagwe kwa kijiko kama sheria inavyotaka, akaingia.

Simeon alikuwa ameketi sakafuni. Kazi yake katika kambi ya barabara ilikuwa kupika lami: kuwasha moto chini ya pipa kubwa, kutumbukiza madonge ndani, kukoroga kwa mti mrefu mpaka yayeyuke yawe ya kumwagwa juu ya kokoto. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko.

"Ulimshika Gatimu koti," Nasirumbi alisema.

"Nilimshika. Mimi nikishika kitu haifutiki, madam. Angalia hata ukuta yenu." Alionyesha kwa kidevu. Ukutani, karibu na dirisha, palikuwa na alama za vidole vyake, nyingi.

"Mlikosania nini?"

"Moto. Alikuja Jumanne jioni akasema nizime, ati ninamaliza kuni. Nikamwambia lami haipikwi nusu. Ukizima kabla haijaiva, kesho unaanza upya na kuni mara mbili. Akapiga moto yangu teke. Nikamshika koti. Akasema nimefutwa. Basi, nikaenda nyumbani."

"Nani alikuona nyumbani?"

"Kabura."

"Ni mke wako. Korti itasema anakuficha."

"Kwani nilale kwa nani ndiyo korti iamini?"

Nasirumbi alimsukumia bakuli la githeri. Simeon alilitazama, hakula.

"Ulipoondoka, pipa lilikuwa na lami?"

"Karibu kujaa."

"Ilikuwa ya maji?"

"Nzito, kama ugali ikikaribia kuiva. Na hiyo haipoi haraka, madam. Juu inaganda, ndani inabaki na joto mpaka kesho yake. Uliza Ngatia, yule mlinzi wa usiku. Kila usiku anaegemea pipa yangu kama ni bibi yake."

Alasiri Nasirumbi na Oloo walipanda Landrova wakaenda kambini. Kambi ilikuwa juu ya Karatina, kando ya barabara ya Nyeri, kabla ya kufika Marua: mahema machache, stoo ya mabati, vilima vya kokoto, na pipa la lami limekalia mawe matatu chini ya mkaratusi. Hakukuwa na kazi. Tangu Jumatano, siku nyapara alipokutwa amekufa, kampuni ilikuwa imewaambia vibarua wakae majumbani.

Pale maiti ilipokuwa, hatua chache kutoka kwenye pipa, nyasi zilikuwa zimeinuka tena. Nasirumbi alisimama hapo akakumbuka alichokiona Jumatano: Gatimu kifudifudi, koti lake na alama ya mkono mweusi, na kando yake ndoo ya bati imepinduka, tupu. Muriithi alikuwa amesema nyapara alikuwa anaenda kuoga.

Ngatia alitoka nyuma ya stoo. Alikuwa mzee mrefu, amevaa koti la jeshi la zamani. Alipoinama kuchukua kiti, Nasirumbi aliona mgongo wa koti: mweusi, unang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi.

"Karibu, madam. Na wewe, kijana wa ziwani kwenye joto. Huku baridi imekushika?"

"Imenishika mpaka imenijua jina, mzee," Oloo alijibu.

"Mzee Ngatia," Nasirumbi alisema, "nieleze tena asubuhi ile."

"Nilisema yote. Nilikuwa kwa lango. Kulipopambazuka nikazunguka, nikamkuta amelala pale. Nikakimbia kuita watu."

"Hukusikia kitu?"

"Mvua."

"Na ile ndoo?"

"Ya kuoga."

"Nani anaoga nje kwa maji baridi mwezi wa saba, kabla jua halijatoka?"

"Gatimu alikuwa mtu wa ajabu," Ngatia alisema.

Alikuwa amelaza rungu lake kwenye magoti. Nasirumbi aliliangalia. Lilikuwa jeupe. Alama za kisu zilikuwa bado zinaonekana kwenye kichwa chake, na mahali pa kushikia hapakuwa na uchafu wa kiganja.

"Umechonga rungu mpya?"

"Ile ya zamani ilipotea."

"Ilipotelea wapi?"

"Madam, ningejua ilipotelea wapi, ingekuwa imepotea?"

Oloo alikohoa ndani ya ngumi yake. Nasirumbi hakubadili uso.

"Ilipotea lini?"

"Kitambo. Kabla ya mvua hizi."

Nasirumbi aliandika neno hilo, kitambo, akaenda kwenye pipa. Siku ya Jumatano lilikuwa wazi, na lami imelala ndani tambarare mpaka aliona kivuli cha kofia yake. Sasa lilikuwa limefunikwa kwa kipande cha mabati, na juu ya mabati kumewekwa jiwe.

"Hii ilifunikwa na nani?"

"Mimi. Mvua ikiingia ndani, siku ya kupika itafura, imwagike, ichome watu."

Hilo lilikuwa kweli. Kila mtu aliyewahi kufanya kazi barabarani angelisema vivyo hivyo. Oloo aliondoa jiwe, akainua mabati. Lami ilikuwa nyeusi, tambarare, haina hata mkunjo. Akachukua fimbo akaichoma kwa nguvu. Fimbo ilivunjika.

"Huwezi kuficha kitu ndani ya sakafu," Oloo alisema, akarudisha mabati na jiwe.

Langoni mama mmoja aliyeitwa Wamucii alikuwa anauza chai na mandazi chini ya turubai, ingawa hapakuwa na wanunuzi. Nasirumbi alinunua chai, akaishika tu ili vidole vipate joto.

"Mama, unamjua mzee Ngatia?"

"Nani hamjui? Ni adui ya mbuzi yangu."

"Amefanya nini?"

"Hiyo Jumanne jioni mbuzi iliingia kambini, akaifukuza na ile rungu yake ya waya. Aliikosa na kidogo tu. Nikamwambia, wewe mzee, ungevunja mguu ya mbuzi ungenipa yako?"

"Rungu ya waya?"

"Ameizungushia waya wa simu hapa pa kushikia. Ya rangi ya shaba. Anaipenda kuliko watu."

Nasirumbi alikunywa chai yote. Jumanne jioni Ngatia alikuwa na rungu lake. Jumatano alfajiri Gatimu alikuwa amekufa. Na mlinzi alisema limepotea kabla ya mvua.

Jumamosi walitafuta. Konstebo wanne walipekua stoo, mahema, choo cha shimo, mfereji, na mto wa chini ya shamba la chai mpaka miguu yao ikafa ganzi. Hakuna rungu. Ngatia aliwatazama akiwa amekaa kando ya pipa. Hakuonyesha furaha wala wasiwasi. Walipomaliza aliwaambia poleni.

"Mzee amesahau tarehe, ndiyo hiyo tu," Muriithi alisema jioni. "Wazee wanasahau. Niletee rungu lenyewe, Koplo. Bila rungu ni hadithi ya mbuzi."

Jumatatu asubuhi Nasirumbi alifika kituoni mapema kuandika maelezo ya mwisho. Alisogea kwenye jiko kuota moto, na macho yake yakaangukia kwenye sahani.

Vipande havikuwepo. Zile kingo kali, zile ncha, hakuna. Kulikuwa na kitu kimoja tu cheusi, kimelala kama chapati, kimeijaza sahani mpaka ukingoni. Alikigonga kwa ukucha. Kilikuwa kigumu kama Ijumaa.

Na juu yake kulikuwa na njiti za kiberiti.

"Oloo. Nani ametupa njiti hapa?"

"Si mimi. Tangu uchukue sahani yangu natupa kwa dirisha."

"Ijumaa niliweka lami juu ya njiti. Njiti zilikuwa chini."

Oloo alisogea akainama. Njiti zilikuwa zimelala kwenye lami, nusu zimezama, nusu zinaonekana, na kila moja ilikuwa na ngozi nyembamba nyeusi kama iliyochovywa. Hakuna aliyekuwa ameigusa sahani, kwa maana hapakuwa na alama ya kidole, na lami huweka alama.

"Zimepanda zenyewe," Oloo alisema polepole.

Nasirumbi alikaa kitini. Alilipanga jambo lile kichwani kama anavyopanga maelezo ya shahidi. Ukiipiga lami, inapasuka. Ukiichoma na fimbo, inaikataa. Lakini ukiiacha, inatembea. Inajaza shimo, inajinyoosha, inafuta kila alama, na kila kitu chepesi kilicho ndani yake inakisukuma juu bila haraka. Na Jumanne usiku, kabla haijapoa, ilikuwa kama ugali. Mtu mwenye nguvu angeweza kukisukumiza kitu ndani kwa uzito wa mwili wake. Asubuhi juu pangekuwa tambarare.

Mbao ni nyepesi. Na ndani ya pipa joto lilikaa.

Nje, injini ya Landrova iliwaka. Alitoka mbio. Simeon alikuwa ameshaketishwa nyuma, pingu mikononi. Kabura alikuwa amesimama mahali pake pale pale, na kikapu.

"Afande, naomba tusimame kambini. Ni njiani."

"Koplo, korti hainingoji."

"Ni kufunua mabati tu."

Muriithi alimtazama, akatazama saa, akafungua mlango wa mbele. "Panda."

Kambini mvua ilikuwa imekatika. Jiwe lilikuwa chini, kwenye nyasi. Juu ya pipa, juu ya mabati, alikuwa ameketi Ngatia, miguu ikining'inia, rungu jeupe kwenye magoti. Kulikuwa kumeshakucha na zamu yake ilikuwa imekwisha tangu alfajiri.

"Mzee, habari ya asubuhi," Nasirumbi alisema. "Mbona uko hapo juu?"

"Nimekaa tu."

"Jiwe limeanguka?"

"Linaanguka. Kila nikiliweka, linaanguka."

"Shuka, mzee."

Alishuka polepole, akashika ukingo wa pipa, kama mtu anayeshuka kutoka kwa mkokoteni. Oloo aliinua mabati. Yalikuwa yamegandia katikati, akayavuta taratibu mpaka yakaachia.

Katikati ya lami kulikuwa na uvimbe. Ulikuwa wa ukubwa wa ngumi, laini, unang'aa. Pande zote lami ilikuwa tambarare kama Ijumaa. Hapo tu palikuwa pameinuka.

Muriithi alivua kofia, akainama, akaugonga uvimbe kwa kifundo cha kidole. Akavaa kofia tena.

"Leteni shoka."

"Afande, tusikate," Nasirumbi alisema. "Tukikata tutaweka alama zetu juu ya alama zake. Wakili atasema ni sisi tuliitengeneza. Tuwashe moto, kitoke chenyewe."

"Nani anajua kuuwasha huo? Nimesikia ukikosea inachoma watu."

Oloo aligeuka kutazama Landrova. "Mpishi tuko naye, afande."

Muriithi alitoa funguo za pingu mfukoni, akaenda nyuma ya gari.

Simeon alisugua vifundo vyake vya mikono. Alizunguka pipa mara moja, akapitisha kiganja ubavuni mwake, akainama akapuliza majivu ya zamani, akapanga kuni: nyembamba mbele, nene nyuma, chache.

"Ongeza," Muriithi alisema. "Tumechelewa."

"Ukiharakisha inafura, afande. Hii inataka moto ya pole."

Wakangoja. Moshi ulipanda ukakaa kwenye mkaratusi. Wamucii alikuja kutoka langoni na birika, akamimina chai kwa wote, mpaka kwa mfungwa, halafu akakaa juu ya kokoto. Ngatia alipokea kikombe chake kwa mikono miwili akasema asante. Alikunywa. Bati la pipa lilipoanza kupata joto alisogea, akageuza mgongo, akaegemea, kama alivyofanya kila usiku. Hakuna aliyemzuia.

Harufu ya lami ilianza kutoka. Kingoni ilianza kung'aa zaidi, kisha ikajiachia na bati. Uvimbe ulibonyea upande mmoja. Simeon alichukua mti wake wa kukorogea lakini hakuutia ndani, aliushika tu. Kitu cheusi kiligeuka ndani ya lami, taratibu, kikaonyesha kichwa, kisha mpini wake wote, kikalala juu ya lami.

Muriithi alikivuta kwa kulabu ya Simeon. Wakakilaza juu ya gunia. Nasirumbi alimwagia kitambaa mafuta ya taa, akafuta mahali pa kushikia peke yake, akaacha kichwa kwa ajili ya daktari. Waya wa shaba ulitokea, mzunguko baada ya mzunguko.

"Ndiyo hiyo," Wamucii alisema. "Ya mbuzi."

Nasirumbi alisimama mbele ya Ngatia.

"Ndoo haikuwa ya kuoga, mzee."

"Hapana."

"Ulikuwa umelala."

"Nilikuwa nimelala hapa." Ngatia aligonga pipa kwa kisigino. "Pipa ilikuwa na joto. Alikuja na maji akanimwagia kichwani. Ilikuwa mara ya pili. Ile ya kwanza aliita vibarua waje wanione. Niliposhtuka mkono ilikuwa imeshapiga. Nikamwita. Nikamwita tena."

"Kisha ukaweka rungu ndani."

"Niliiegemea mpaka ikaingia. Ilikataa, halafu ikakubali. Asubuhi nikaona imefungika kabisa, nikajua imekwisha." Alitazama rungu juu ya gunia. "Sikujua inarudi."

Muriithi alisogea karibu. "Na huyu kijana? Ungemwacha anyongwe kwa ajili yako?"

"Mimi sikusema ni Simeon. Niliwaambia walikosana jioni, na ilikuwa kweli. Nyinyi mkaandika, mkanishukuru, mkaenda." Alimalizia chai, akamrudishia Wamucii kikombe. "Mimi nilinyamaza tu."

Muriithi alichukua pingu ambazo zilikuwa bado na weusi wa Simeon, akazifunga kwenye mikono ya Ngatia. Oloo alimshika kiwiko wakaelekea garini, mzee akitembea taratibu, mgongo wa koti lake ukitoa mvuke.

Nasirumbi alikunja gunia juu ya rungu. Alipoinua kichwa aliona Simeon amechuchumaa mbele ya moto, akitazama pipa, mikono mitupu juu ya magoti.

"Madam," Simeon alisema bila kugeuka. "Nizime?"

Nasirumbi aliangalia lami. Ilikuwa imeanza kulainika, lakini bado ilikuwa nzito katikati.

"Iache iive," alisema. "Nitamwambia Kabura uko hapa."

Simeon alinyoosha mkono, akachukua ukuni mmoja mnene, akausukuma ndani.